Gari Lisilojitangaza

Masomo: 1 Samweli 16:1–19, Mathayo 6:16–18

Juma hili naomba tuongee habari za magari. Najua wapo watakaosema mchungaji ameishiwa mahubiri. Wanivumilie.

Kijana akija kuniomba ushauri wa gari, mara nyingi huwa keshaamua. Anachotafuta ni baraka tu. Na kwa vijana wetu gari lenyewe siku hizi ni Subaru Forester yenye turbo. Ukiitazama ni gari la familia, la kubebea watoto wa shule na magunia ya mkaa. Isiyo na turbo imefanana nayo kama pacha, isipokuwa lile tundu juu ya boneti linalopitisha upepo wa kupoza hewa iendayo kwenye injini. Lakini mataa yakiruhusu, Forester hiyo inachomoka na kumwacha mwenye gari la bei mara mbili yake akijiuliza kulikoni. “Mchungaji,” wananiambia, “hili ndilo gari la mtu mnyenyekevu.”

Hapo kwenye unyenyekevu ndipo nataka tukae.

Magari ya namna hiyo hata mimi yananivutia. Liko moja ambalo wapenzi wa magari wanalitaja kwa heshima hadi leo, Mercedes-Benz 500 E, lililooneshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1990. Bodi yake ilitokana na W124, Benzi ambalo kule Ujerumani lilikuwa teksi. Miaka ile, msafiri aliyeshuka stesheni ya Stuttgart alikuta yamepanga foleni nje, mengi ya dizeli, yenye nguvu za farasi ambazo hata 100 hazikufika. 500 E lilikuwa na 326. Lilipewa injini ya silinda nane, ya lita 5, iliyotoka kwenye 500 SL, gari la matajiri la viti viwili, na mwendo wake ukafungwa kwa makusudi lisipite kilomita 250 kwa saa. Kwa nje fenda zilitanuliwa kidogo, gari likashushwa chini kidogo, na nyuma kwenye buti pakaandikwa jina lake. Basi. Asiyejua angelipungia mkono akidhani ni teksi.

Habari ya jinsi lilivyotengenezwa ndiyo inayonigusa zaidi. Zile fenda zilizotanuliwa zilifanya gari lisiweze kupita kwenye mstari wa kuunganishia magari katika kiwanda cha Mercedes, Sindelfingen. Jirani zao wa Zuffenhausen, Porsche, wakati huo biashara ilikuwa imewaendea vibaya na walikuwa na mafundi wenye nafasi. Wakapewa kazi. Bodi ziliungwa Zuffenhausen, katika jengo ambamo Porsche walikuwa wametengenezea 959, gari lao la fahari. Zikarudishwa Sindelfingen kupakwa rangi, zikaenda tena Zuffenhausen kufungwa injini, kisha zikarudi Sindelfingen kukabidhiwa kwa wenyewe. Gari moja lilichukua siku 18. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1995 yalikuwa yametoka zaidi ya 10,000, na nembo iliyokaa mbele ya kila moja ilikuwa ya Mercedes. Ya Porsche haikuwekwa.

Nawafikiria wale mafundi. Mikono iliyozoea kuunda gari la kutajwa dunia nzima, sasa inaunda gari litakalosifiwa kwa jina la jirani, na bado hawakulipua kazi. Hata katika ushirika wetu wapo watu wa aina hiyo. Yuko anayekesha akipatanisha hesabu za harambee, halafu Jumapili anasimama mtu mwingine kuzisoma. Wako kina mama wanaofua vitambaa vya madhabahu, na sijawahi kusikia wakitajwa kwenye matangazo. Hawa hawajifichi ili siku moja watushangaze. Wanafanya kazi, basi.

Mnunuzi wa gari lisilojitangaza ana jambo jingine moyoni, na afadhali tuliseme. Utamu wa gari lile unahitaji mtu wa pili, yule dereva wa kwenye mataa atakayekudharau kwanza ndipo umwaibishe. Mwondoe huyo, na nusu ya raha imekwisha. Sasa mtu anayetamani kudharauliwa ili apate kisasi chake sekunde sita baadaye, tumwite mnyenyekevu? Ametega mtego. Majivuno yake yamejifunza subira tu, na subira yenyewe haidumu. Haipiti miezi mingi utasikia ekzosi imebadilishwa, inanguruma. Mara rimu mpya, mara stika kioo kizima cha nyuma. Gari lililonunuliwa kwa sababu ya ukimya wake sasa linaamsha mtaa saa sita za usiku.

Katika Mathayo 6 Bwana Yesu anamwagiza anayefunga anawe uso na kujipaka mafuta kichwani, asionekane na watu kuwa amefunga. Tazameni kwamba hakuweka siku ya baadaye ambapo watu watakuja kugundua. Anayeona ni Baba, naye anaona sirini. Mtazamaji yupo, ila hayupo kwenye mataa.

Somo la Daudi tumelizoea mno, na wahubiri wengi, mimi nikiwamo, hupenda kuishia mstari wa 7, pale Mungu anapomwambia Samweli asitazame sura wala kimo cha Eliabu, kaka yake Daudi. Naomba leo tusogee hadi mstari wa 19. Daudi amekwisha kupakwa mafuta ya ufalme mbele ya ndugu zake. Wajumbe wa Sauli wanapotumwa kwa Yese, kijana anatajwa kuwa yuko wapi? Yuko na kondoo. Na sura ya 17, Eliabu anapomfokea hadharani kwamba ana kiburi, Daudi angeweza kumkumbusha ile siku ya mafuta. Hakumkumbusha. Akamgeukia mtu mwingine na kuendelea na maswali yake.

Kuna jambo la breki pia, na hili nawaambia kama mzazi. Waliounda 500 E hawakuliachia breki za teksi. Walilifungia kubwa zaidi, za 500 SL. Betri wakaihamishia kwenye buti kwa kuwa mbele nafasi ilikuwa imekwisha, na kiti cha nyuma cha katikati kikaondolewa kwa sababu ya ukubwa wa difu. Nguvu ilipoingia, kuna vitu ilibidi vibadilishwe na kingine kiachwe kabisa. Vijana wetu wanampelekea fundi turbo aipandishe presha, na pedi za breki wananunua za bei ya chini kabisa dukani. Hata kwenye huduma tunafanya hivyo. Tunaombeana karama, tunawekeana mikono, na hakuna anayeuliza mwenye karama huyu anajizuiaje. Daudi pangoni Engedi alikuwa na Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda, mkononi, kisu anacho, na watu wake wanamchochea. Alikata upindo wa vazi, na hata kwa kipande hicho cha nguo moyo ukamsuta.

Na yuko mtu tunayemsahau: mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni. Akiona gari linalojitangaza, anasubiri. Akiona gari la familia anakisia mwendo wa gari la familia, anaingia barabarani. Ule ufiche unaokupendeza wewe, yeye unamdanganya. Ukiwa mjini, kwenye alama ya 50, nguvu ulizozificha huna ruhusa ya kuzifichua, na hapo sizungumzii tochi ya trafiki pekee.

Kwa hiyo, kijana wangu, sikukatazi. Nunua hiyo Forester kama fedha ya gari na ya mafuta unayo, maana turbo inakunywa. Ilete kanisani tuiombee. Ila kabla hujaileta, weka pedi za breki za uhakika, na ekzosi iliyotoka nayo kiwandani iache hapo hapo ilipo.