Kahawia ya Sebuleni

Msikilizaji wa Nyamagana, kama wiki hii fundi rangi anaingia sebuleni kwako, nakuomba uifikirie kahawia kabla hujamwambia "piga nyeupe". Bibi zetu walikandika kuta kwa udongo, na kinachoupa udongo wekundu wake ni oksaidi ya chuma, ileile inayotiwa kwenye rangi nyingi za kahawia za dukani.

Chagua kahawia yenye wekundu kidogo, hiyo huchangamsha chumba. Inayoelemea kijivu hukipoza, na kijivu tunacho cha kutosha kwenye miamba yetu hapo nje.

Usiamue kwa kadi ya rangi chini ya taa ya duka. Nunua kopo dogo, paka kipande ukutani mikono miwili, kiache kikauke. Kitazame asubuhi, kisha jioni, jua likishuka upande wa ziwa. Dirisha la magharibi litaikoleza kahawia mno.

Kwa nyumba zilizobanana mlimani, kule Mabatini au Igogo, ukuta mmoja unatosha. Mingine ipewe krimu, dari libaki jeupe. Na fundi achanganye ndoo zote pamoja kabla hajaanza, ukuta wa mwisho usije ukapishana na wa kwanza.