Macho Hayana Pazia



Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho huona lililo mbele yake, na mtu halaumiwi kwa mtazamo wa ghafla. Lakini kamera si jicho. Kamera hushikwa kwa mkono, huelekezwa kwa kusudi, na ilichokiona hukichukua hata nchi za mbali. Basi je, mwenye kamera ana haki ya kuonyesha kila anachoweza kukiona?

Suali hili latuhusu khasa sisi wa Paje. Tangu mwaka 1989 wanawake wa hapa wanalima mwani. Maji yakitoka huteremka pwani, wakainama kufunga mbegu kwenye kamba, nguo zimerowa na kuwaganda mwilini. Huja mgeni, akapiga picha, akaenda zake hata salamu hakutoa. Na siku hizi si mgeni peke yake. Vijana wetu wana simu mkononi, na mama wa mwenzao hugeuzwa tamasha la watu asiowajua.

Katika jambo hili liko la kujifunza kwa mtu wa sinema, Moustapha Akkad. Alizaliwa Halab, Syria, mwaka 1930, akenda Marekani angali kijana, na babake alimpa dola 200 na Msahafu. Huko California akasomea utengenezaji wa filamu. Mwaka 1976 alitoa filamu ya Ar-Risala, inayoeleza kudhihiri kwa Uislamu. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila moja na wachezaji wake. Aliianzia Morocco, akazuiliwa, akaimalizia Libya.

Na filamu hiyo, ambayo habari yake yote ni ya Mtume (s.a.w.), haimwonyeshi Mtume. Sura yake haionekani wala sauti yake haisikiki. Watu humwelekea, husema naye, hungoja. Na mtazamaji hufahamu.

Mtu atasema: Mtume ni Mtume, na mkulima wa mwani ni mkulima tu; tena kazi yake ni ya heshima, acheni ulimwengu uijue. Kweli, daraja hazilingani. Lakini kila mwanaadamu ana hishima yake, na dini imetuamrisha kusitiriana. Wala kusitiri si kuficha habari. Akkad aliieleza habari yake ulimwengu mzima, na pazia lake halikumzuia. Mwenye kutaka kueleza kazi ya mwani na aombe ruhusa kwanza. Akikataliwa, ipo mikono, zipo kamba, upo mwani wenyewe.

Ama tuwe waadilifu. Akkad huyo huyo, tangu mwaka 1978, alishiriki kutoa filamu za Halloween, zenye visu na damu, na zilimpatia fedha nyingi. Mwaka 1981 akatoa filamu ya Omar Mukhtar, shujaa wa Libya. Mwaka 2005 aliuawa yeye na binti yake kwa bomu hotelini Amman. Hatumhukumu, hisabu yake iko kwa Mola wake. Lakini twajifunza kuwa adabu ya kazi moja haiifuniki kazi ya pili. Kila unaponyanyua kamera, suali huanza upya.

Basi, kijana wa Paje, kabla hujabonyeza simu yako, jiulize: lau huyu angekuwa mamangu?

Wabillahi tawfiq.