Mfalme mwenye nyuso mbili

Arua na Koboko zilikuwa ndani ya Lado, eneo ambalo Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, alitawale hadi kufa kwake. Alijiita mtetezi wa watumwa. Mkutano wa kupinga biashara ya utumwa ulikaa Brussels, mjini kwake, mwaka 1889. Huko Kongo kwetu askari wake walikata watu mikono kwa ajili ya mpira. Wamisionari wengi walimwamini mwanzoni. Mwaka 1904 mmoja wao, Alice Harris, alimpiga picha Nsala akitazama mkono na mguu wa bintiye mdogo. Ndivyo vilivyobaki.

Mbona aliaminiwa muda mrefu hivyo? Tunadhani maneno mema hututia haya ya kuuliza. Hata hapa kambini, mzee akijua kuomba, nani atamwuliza habari ya unga wa wajane? Na upimwe mbele yao.