Mwenye Saba Asiseme Ana Mbili

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Kutafuta ilimu ni jambo la sifa, na mzazi amsaidiaye mwanawe kuifikia ana ujira wake. Lakini kheri inayokusudiwa haihalalishi uwongo. Na mas-ala haya huwafikia wazazi wengi kila mwaka, wanapoketi na watoto wao kujaza maombi ya mkopo wa chuo kikuu.

Mikopo hii hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sharia ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwombaji huulizwa hali ya wazazi wake. Yatima huleta cheti cha kifo kilichohakikiwa. Na kiongozi wa serikali ya mitaa hutia sahihi na mhuri. Fedha hazimfikii kila aombaye, kwa hivyo hutazamwa nani mhitaji zaidi.

Basi na uwekwe mfano. Mtu wa Mikumi ana nyumba ndogo ya kulaza wageni kando ya njia kuu iendayo Iringa. Si tajiri, ana watoto watano, na pato lake halimtoshi. Katika wilaya ile ile, huko Kilosa mjini, yuko mjane alimaye mboga kando ya mto Mkondoa, na mafuriko yakija humchukulia zote. Watoto wa wote wawili wamefaulu. Yule wa Mikumi amwambia mwanawe: “Andika kuwa babako hana kitu.” Na kiongozi wa mahali pake, kwa kumwonea kijana huruma, atia mhuri. Je, wamekosa, na hali dhiki ya mtu yule ni ya kweli?

Mafakihi wa Kishafii wamewapambanua wahitaji kwa kipimo. Ahitajiye kumi akapata mbili au tatu ni fakiri. Apataye saba au nane ni masikini. Wote wawili ni wahitaji, wala masikini haambiwi kuwa hana haki. Lakini mwenye saba akisema ana mbili, hakuomba haki yake. Ameomba haki ya mwenye mbili. Hii ndiyo dhulma yenyewe, nayo hufichikana, kwani aliyedhulumiwa hajulikani kwa aliyemdhulumu, wala hatamjia mlangoni kulia.

Ama yule mwenye mhuri, amemhurumia amwonaye na amemhukumu asiyemwona. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa yaamrisha ushahidi wa haki hata juu ya nafsi, wazazi na jamaa, akiwa mtu ni tajiri au ni fakiri. Na Mtume (S.A.W.) aliutaja ushahidi wa uwongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, akaukariri mara nyingi.

Watasema wengine: “Hii ni fedha ya serikali, haina mwenyewe.” Mwenyewe yuko. Mkopo ni deni. Kwa marekebisho ya mwaka 2016 aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na kinachorudi hukopeshwa wanaokuja nyuma. Na khabari ya deni si nyepesi: Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni asiloliachia malipo, asimswalie hata Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake.

Itakuwaje, basi, mwenye saba akisema kweli na mwanawe akakosa? Hilo ni zito, wala haitoshi kumwambia asubiri. Sharia ile ile iliyomkataza uwongo imemtaja katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba miongoni mwa wanane wapewao zaka. Zile tatu zilizompungukia zimo mikononi mwa wenye mali wa msikiti wake. Wakizizuia, khalafu wakamlaumu kwa kusema uwongo, basi nao wana fungu katika dhambi ile.

Wallahu a‘lam.