Faida Yako Imetoka kwa Nani?

Jumapili iliyopita tulisoma Nehemia sura ya 5. Njaa imeingia, watu wameweka mashamba rehani, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Baada ya ibada kijana mmoja akaniuliza, "Pasta, kama si mimi nimeleta njaa, nikifaidika ni dhambi?" Swali hilo nililijua. Niliwahi kukutana nalo jikoni kwa mamangu.

Mwaka 2023 tulikaa na mgeni kutoka Marekani nyumbani kwetu, karibu na Litein. Alikuja kujifunza Kiswahili, na Kipsigis kidogo. Walikubaliana na mama shilingi 25,000 kwa mwezi, chakula na malazi. Januari hiyo dola moja ilikuwa kama shilingi 123, kwa hivyo alilipa kama dola 200. Halafu shilingi ikaanza kuteremka. Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita, nauli ikapanda, sukari tukaanza kuihesabu kwa kijiko. Kufika Januari 2024, dola ilikuwa karibu shilingi 160. Zile 25,000 sasa zilimtoka dola 156 hivi.

Jioni moja akaweka shilingi 7,000 zaidi mezani. Akasema, akitafuta maneno polepole, "Mama, sukari yako imepanda, lakini mimi nalipa kidogo kuliko mwanzo. Hii si haki."

Mimi nilisomea biashara. Najua mapatano ni mapatano, hakuna aliyemdai. Nikawasimulia habari ya Argentina. Tangu 1992 peso moja ilikuwa sawa na dola moja. Januari 2002 mpango huo ukavunjika, na katika miezi michache dola moja ikawa zaidi ya peso tatu, huku wenyeji wamezuiwa kutoa akiba zao benki. Miaka iliyofuata wageni wakamiminika Buenos Aires kujifunza Kihispania, kwa sababu dola yao ilifika mbali. Nikasema, "Sijui ni wangapi walipiga hesabu kama wewe."

Mama akanigeukia. "Na wewe, weri, yako umepiga?"

Nikanyamaza. Chai yetu huuzwa mnadani Mombasa kwa dola. Shilingi ikianguka, dola ileile huleta shilingi nyingi zaidi. Bonasi yetu ya Oktoba ilikuwa imeongezeka, nikatoa fungu la kumi, nikatoa na ushuhuda. Lakini mama anayetuchumia chai tulikuwa bado tunamlipa shilingi 10 kwa kilo, vile vile kama zamani. Sukari yake ilipanda kama yetu. Mafuta yake ya taa yalipanda kama yetu. Mgeni alikuwa amemhesabu mamangu. Mimi mwenye Biblia nilikuwa sijamhesabu jirani yangu.

Wapendwa, kufaidika peke yake si dhambi. Sikuiangusha shilingi mimi. Lakini kuna siku unajua faida yako imetoka wapi, na kuanzia siku hiyo huwezi kusema hukujua. Ushuhuda wangu ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa nusu. Niliita baraka, sikuuliza nani amebeba upande ule mwingine.

Tukapandisha hadi shilingi 12. Msinipigie makofi, kwa sababu mtihani ulikuja baadaye. Shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi karibu 129, na bonasi ya 2025 ilishuka. Nyote wa Kericho na Bomet mnajua vile tulilia. Nakiri nilichukua kalkuleta nirudishe 10. Hesabu ilikubali. Lakini bei dukani kwa yule mama hazikuwa zimerudi nyuma.

Rudi Nehemia 5, mstari wa 14 hadi 18. Miaka 12 hakula posho ya liwali. Ilikuwa haki yake, hakuna sheria iliyomkataza. Aliiacha kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Basi tumebaki 12, na inauma. Nimeanza kufikiri kwamba haki isiyouma mfukoni bado haijafika.

Wiki hii, wewe mwenye duka, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye shamba, keti na kalkuleta yako mbele za Bwana. Uliza: mwaka huu nilipopata, nani alipoteza? Kisha nenda ukaongee naye kabla ya Jumapili.

Bwana atupe macho ya kuona na mkono wa kufungua. Amina.