Jina Linalotangulia

Anayenukuu kitabu katika tasnifu hapati taabu: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mji, mchapishaji. Akinukuu santuri, taabu huanzia kwenye neno la kwanza kabisa. Nani atangulie? Aliyetunga, aliyeimba, au kiongozi wa bendi?

Miongozo ya uandishi haisemi kitu kimoja. Ule wa Chicago humwachia mwandishi achague kulingana na anachokizungumzia. Ule wa wanasaikolojia wa Marekani, katika toleo lake la 7, huagiza muziki wa klasiki uwekwe chini ya jina la mtunzi, na muziki mwingine wote chini ya msanii aliyerekodi. Kwa hiyo Mozart hubaki na kazi yake, hata ipigwe na nani. Hapo ndipo ninaposita. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939 pamoja na kikundi chake. Mwaka 1961 vijana wa Marekani, The Tokens, waliutoa wimbo huo kwa maneno ya Kiingereza, ukavuma dunia nzima. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, na warithi wake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, tena baada ya kwenda mahakamani. Mwanafunzi anayeandika juu ya santuri ile ya 1961 ataanza na The Tokens, na kwa kanuni hatakuwa amekosea. Lakini Linda hatakuwamo.

Nitaambiwa marejeo si mahakama. Kazi yake ni kumwezesha msomaji kuipata santuri ileile. Ni kweli, na ndiyo maana sivumilii marejeo yasiyo na jina la kampuni, namba ya santuri na mwaka. (Mtandaoni, mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo jipya, si wa kurekodiwa.) Anayechambua sauti ya Fadhili William katika "Malaika" hawezi kumtuma msomaji kwa Miriam Makeba. Wimbo ni mmoja, pumzi ni mbili.

Na mtunzi wa "Malaika" ni nani? Wapo wanaosema Fadhili William, wapo wanaosema Adam Salim. Mstari wa marejeo hauna nafasi ya ubishi. Basi mimi hutanguliza mwimbaji niliyemsikia, nikamweka mtunzi ubavuni pake. Penye ubishi nautaja katika tanbihi, hata iwe ndefu kuliko aya yenyewe. Msimamizi mmoja aliwahi kuikata tanbihi ya namna hiyo kwa kalamu nyekundu, akidai inachafua ukurasa. Niliirudisha.