Anayependekeza Ni Shahidi

Ndugu zangu, Machi na Aprili ni msimu wa mikutano mikuu ya vyama vya ushirika huku kwetu Meru na Embu. Toka Maua hadi Runyenjes utakuta mahema yamesimamishwa katika viwanja vya shule, viti vya plastiki vimepangwa, kreti za soda ziko kivulini, na sisi wanachama tumeshika vitabu vya hesabu ambavyo wengi wetu tutafungua tu ukurasa wa mgao wa faida. Walimu, wauguzi, watumishi wa kaunti, wakulima wa kahawa, wakulima wa majani chai: kila kundi lina chama chake, na kila chama kina siku yake ya kutafuta watu wa kukaa kwenye bodi.

Nataka tuzitazame dakika chache sana za siku hiyo. Hesabu zimekwisha kusomwa, jua limepita utosini, na afisa wa ushirika anatangaza kwamba viti vitatu viko wazi. Anauliza, "Nani anapendekeza?" Mtu anasimama kule nyuma, anataja jina. "Nani anaunga mkono?" Mkono unainuka. Afisa anaandika, na mambo yanaendelea. Tumebishana nusu saa juu ya marupurupu ya wajumbe, lakini jina la mtu atakayetia sahihi kwenye hundi zetu limepita kabla chai haijapoa kikombeni.

Mimi niliwahi kuinua mkono huo. Chama chenyewe sitakitaja. Usiku wa kuamkia mkutano, ndugu wa ukoo alinipigia simu akasema, "Mwalimu, kesho tunakutegemea. Huyu ni mtu wetu." Mtu huyo nilimfahamu, maana tulifundisha naye shule moja. Nilijua kwamba fedha za safari ya wanafunzi zilikaa kwake muhula mzima na hakuna mzazi aliyepewa maelezo. Kesho yake jina lilipotajwa, macho ya watu wa kwetu yalinielekea, nikaona haya kukaa nimekunja mikono. Nikainua.

Nimeifikiria sana haya ile. Niliwaonea haya watu wa ukoo waliokuwa wakinitazama, nikakosa kuwaonea haya wajane na vijana ambao akiba yao ingewekwa mikononi mwa mtu ambaye mimi mwenyewe nisingemwachia funguo za nyumba yangu. Nami najua si mimi peke yangu. Tumelelewa kutomkatalia jirani mbele ya watu, na malezi hayo ni mema. Yametuwezesha kuishi pamoja kwenye milima hii bila kuchomana mashamba. Lakini heshima ya kumnyamazia mtu mmoja ikiwagharimu watu elfu moja, tunawajibika kujiuliza tunamheshimu nani hasa. Kupendekeza ni kutoa ushahidi. Unaposimama na kutaja jina, unawaambia wenzako: huyu namjua, nami namwamini kwa vilivyo vyenu.

Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru ambalo makao yake yako Nchiru, walilifahamu jambo hili. Mtu hakupokewa barazani kwa wingi wa maneno yake. Mwenendo wake uliangaliwa kwa muda mrefu: busara yake, utulivu wake, jinsi alivyotunza neno aliloambiwa. Sisemi baraza hilo tulihamishie kwenye sacco, vyama vyetu vya akiba na mikopo. Lilikuwa baraza la wanaume, na leo vyama vyetu vingi vingekauka bila akiba ya akina mama. Ninachokitamani ni kule kumtazama mtu kwanza, kabla ya kumpa kiti.

Wenye umri wangu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka wa 1988. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, watu walipangwa foleni nyuma ya mtu wao, mchana kweupe, na aliyehesabiwa zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Palikuwa na milolongo mirefu iliyotangazwa kuwa mifupi. Nchi nzima ililalamika, na kufikia mwisho wa mwaka wa 1990 chama hicho kiliamua kuuacha. Tulikuwa na haki ya kulalamika. Basi inakuwaje leo, katika mikutano yetu wenyewe, tunachagua bodi kwa mikono juu, mwalimu akitazamwa na mkuu wake wa shule, kijana akitazamwa na mdhamini wa mkopo wake?

Na majina yenyewe hupangwa usiku. Wajumbe hulazwa hotelini, bahasha zikapita, na asubuhi watu huja na orodha iliyoiva. Tumegeuza mambo, ndugu zangu. Kura, ambayo ingefaa iwe siri ili mnyonge awe huru, tumeiweka juani. Mapendekezo, ambayo yangefaa yatolewe mbele ya watu wote na kwa sababu zinazosikika, tumeyaficha gizani. Kama chama chenu kina nafasi ya kubadili kanuni moja tu, badilini hiyo: anayependekeza asimame mbele, aseme amemjua mtu huyo kwa miaka mingapi na katika kazi gani, aulizwe maswali, kisha kila mmoja apige kura yake kwenye karatasi.

Mwaka wa 2021, baada ya Sheria ya Chai ya 2020, wakulima wa majani chai walipochagua wakurugenzi wa viwanda, mabishano makali yalikuwa kama kila mkulima awe na kura moja au kura zihesabiwe kwa hisa. Ni suala zito, nami naelewa kwa nini mwenye mashina mia mbili tu ya chai alisimama imara kudai kura moja kwa kila mkulima. Lakini hata kura zikihesabiwa kwa haki kamili, haziwezi kumtoa mwaminifu katika orodha ambamo hakuwekwa.

Tena kuna hili la zamu. Embu tunasema kiti hiki ni cha Mbeere, kile cha Manyatta. Meru tunagawa kati ya Igembe, Tigania na Imenti. Mimi siupingi utaratibu huo, kwa sababu mkulima wa nyanda kavu za Siakago ana shida ambazo mtu wa kando ya msitu hazijui, na kutengwa huumiza. Ila zamu inatupa eneo. Mtu wa kuketi hapo tunamtafuta wenyewe. Mara nyingi tukishasema "ni zamu yetu" tunaona kazi imekwisha, tukamchukua wa kwanza aliyejitokeza, kama vile eneo zima halina mwingine.

Wengine mtaniambia sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 imeweka kamati ya watu watano hadi tisa, na imewafungia mlango waliopatikana na hatia ya udanganyifu. Kwenye sacco zinazopokea amana, SASRA, mamlaka inayozisimamia, huwachunguza wakurugenzi kabla ya kuwakubali. Nashukuru kwa hayo yote. Lakini zile fedha za safari ya wanafunzi hazikufika mahakamani wala kwenye faili yoyote. Zilikuwa katika vichwa vya walimu wachache, na mmoja wao alikuwa mimi.

Watu wema nao nina neno nao. Katika Kiswahili, kujipendekeza ni tabia mbaya, na mtu muungwana hujiepusha nayo. Kwa hiyo dada mhasibu anayejua kusoma hesabu kuliko sote hukaa kimya mstari wa nne, akingoja aitwe, na asipoitwa hurudi nyumbani akisikitika. Namwelewa. Hata hivyo, ndiyo maana mzigo wa kumwita uko kwetu. Tumtembelee kwake wiki mbili kabla ya mkutano, mchana, bila bahasha, tumweleze kwa nini tunamhitaji. Naye akiitwa kwa heshima hiyo, asijifiche nyuma ya unyenyekevu. Kukataa kwa sababu ya ugonjwa au mzigo wa nyumbani ni haki yake. Kukataa kwa kuogopa kusemwa ni kuwaachia kiti wasioogopa lolote.

Yule niliyemuunga mkono alipita. Haukupita mwaka wa pili kabla mikopo haijaanza kuchelewa, kisha ikawa inatoka haraka kwa waliomjua. Siku moja nilikutana nje ya ofisi na mama mmoja tuliyefundisha naye zamani, aliyekuwa akifuatilia mkopo wa karo kwa mara ya nne. Alikuwa na fomu zake kwenye mfuko wa plastiki ili mvua isizilowanishe. Tulisalimiana, akaniuliza za nyumbani. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemuunga mkono. Ulikuwa humjui?"

Nikamwambia nilimjua. Akatikisa kichwa taratibu, akafunga ule mfuko, akateremka kuelekea steji.